Ujuzi Uleule, Mnunuzi Mwingine

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, nahodha wa Kizimkazi aliyeona mapezi ya pomboo yakikata maji alikuwa na sababu moja ya kuwafuata: kuwaua. Nyama ya pomboo ilikuwa chambo kizuri cha papa, na nyingine iliishia chunguni. Uwindaji huo ulitaka mtu anayejua mkondo unavyokwenda kusini ya Unguja, kundi linapumzika wapi, na chombo kielekezwe vipi ili wanyama wale wasishtuke na kuzama. Mwaka 1992 watalii walianza kupelekwa kuwatazama pomboo hao hao wakiwa hai. Kufikia mwaka 1996 uwindaji ulikuwa umekoma. Katika muda wa miaka minne hivi, mgeni mwenye kamera alikuwa ameshinda bei ya chambo, na wavuvi wa kijiji wakajikuta wanalipwa kwa kuwakaribia wanyama ambao jana waliwafuata kwa chusa.

Habari za kazi kubadilika Unguja husimuliwa kama habari za watu kuacha: mvuvi kaacha bahari, mkulima kaacha shamba, kijana kaenda hotelini. Ukizitazama kwa karibu, mara nyingi kilichobadilika ni mnunuzi. Ujuzi umebaki kwa mwenyewe, ila sasa unauzwa kwa mtu mwingine, kwa bei nyingine, na kwa masharti ambayo mwenye ujuzi hakuyapanga. Hapo ndipo pa kuulizia: katika hiyo bei mpya, elimu ya nahodha inalipwa kiasi gani?

Kizimkazi inajibu kwa namna isiyoridhisha sana. Mgeni kwa kawaida hununua safari yake hotelini au kwa wakala wa Mji Mkongwe, na fedha zinapofika ufukweni huwa zimeshakatwa njiani. Nahodha anabakiwa na fungu dogo, kwa hiyo hutafuta safari nyingi. Msimu ukichanganya, boti kadhaa hulizunguka kundi moja la pomboo, kila injini ikikimbilia kuwawahisha wageni wake majini kabla wanyama hawajaondoka. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na wenzao wa nje wamelifuatilia suala hili kwa miaka, na walichokiona kinaeleweka hata kwa asiye mtaalamu: boti zikizidi, pomboo hupumzika kidogo na kula kidogo. Miongozo ya namna ya kuwakaribia ipo, na eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyoanzishwa mwaka 1997. Lakini mwongozo una kazi ngumu mbele ya mtu anayelipwa kwa safari na halipwi kwa utulivu wake. Nahodha mzee anayejua kuzima injini mbali na kuliacha kundi lije lenyewe anastahili malipo ya juu kuliko mwenye injini kubwa. Soko lilivyo sasa haliwatofautishi.

Kwenye kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, mambo yalipangwa kwa namna nyingine. Mradi wa kukihifadhi ulipoanza mapema miaka ya 1990, walioajiriwa kuwa walinzi wa mwamba wa matumbawe walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na mwaka 1994 serikali ikalitangaza eneo hilo kuwa hifadhi. Walinzi hawa hawabebi silaha. Akiingia mvuvi ndani ya mipaka, humwendea kwa chombo, humsalimia, na humweleza kwa nini samaki wanaozaliana pale ndio watakaomfikia yeye nje ya mwamba. Maneno hayo yakitoka kwa mtu aliyewahi kuvuta mshipi, yanasikilizwa. Wao ndio pia wanaowaongoza wageni na watoto wa skuli za Unguja wanaoletwa kujifunza. Chumbe ni padogo na nafasi zake ni chache, lakini panaonyesha kwamba mtu anaweza kupewa mshahara kwa kile anachokijua juu ya samaki badala ya kulipwa kwa kilo za samaki.

Wanunuzi wamekuwa wakibadilika visiwani tangu zamani. Karne ya kumi na tisa iliigeuza Unguja kuwa nchi ya karafuu, kwa kazi ya watumwa, hadi Aprili 1872 kimbunga kilipoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi. Wenye mashamba wa Unguja wengi waligeukia minazi, na nazi ikaleta biashara ya mbata na kamba za usumba. Mwaka uliofuata kimbunga, 1873, soko la watumwa la mjini likafungwa, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria. Katika muda wa umri wa mtu mmoja, watu wa kisiwa hiki walibadilishiwa zao, bwana na hesabu ya siku.

Katika dunia hiyo iliyokuwa ikijipanga upya ndiyo alimotoka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, mnamo mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, na alijipatia riziki kwa kuuza vyungu, akipita mitaani na kuvinadi kwa sauti. Alipohamia mjini karibu na mwaka 1911, wanamuziki walimfunza taarabu, ambayo wakati huo ilikuwa starehe ya jumba la Sultani na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, kwa watu wa kawaida wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikasambaa Afrika ya Mashariki yote. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Wanaosimulia maisha yake hupenda kuyapasua mapande mawili, la vyungu na la santuri. Haki zaidi ni kusema kwamba sauti iliyozoea kuita wateja nje ya kuta za nyumba za watu ilikuwa imeshapata mazoezi ya miaka kabla haijafika mbele ya kipaza sauti. Leo kwenye ardhi ya Fumba zinajengwa fleti zinazouzwa hata kwa wageni, na vijana wa huko wanatafuta vibarua vya ujenzi.

Mwimbaji mwingine wa taarabu, Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, hakuacha kazi moja kwa ajili ya nyingine. Alikuwa kungwi wa unyago, mpikaji wa hina na wanja, mpiga ngoma na mwimbaji, vyote kwa pamoja, hata alipokuwa ameshazunguka majukwaa ya Ulaya na kupewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005. Wazanzibari wengi wangeielewa hesabu yake. Kijijini mtu kuwa na riziki moja ni hatari, na anayejaza fomu inayodai aandike kazi moja tu hulazimika kupunguza maisha yake ili yaenee kwenye mstari.

Hakuna mahali ambapo hesabu hii inaonekana wazi kama pwani ya mashariki, kuanzia Paje kwenda Jambiani. Ardhi ya huko ni ya mawe, mihogo huota kwa taabu, na bahari ya ndani ya mwamba ni ya maji mafupi. Zamani wanawake walijipatia chao kwa makumbi ya nazi: waliyafukia kwenye mchanga wa pwani, wakayaacha yaoze kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda kwa magongo na kusokota kamba ya usumba. Maji yakitoka, walikwenda mwambani kuchokoa pweza na kuokota chaza. Malipo yalikuwa kidogo, lakini kazi ile iliwajengea ujuzi ambao hakuna skuli iliyoufundisha. Walijua bamvua linaingia lini, maji yanakauka saa ngapi, wapi chini pana mchanga na wapi pana majani, na mtu ana muda gani kabla maji hayajarudi kumfika kiunoni.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapo. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshafanya utafiti wa mwani wa pwani hii tangu miaka ya 1970, na mbegu zilizopandwa zililetwa kutoka Ufilipino: spinosamu na kottoni. Mwani huu kwa kawaida hauliwi Unguja. Unakaushwa na kusafirishwa hadi nchi kama Denmark, Ufaransa, Marekani na China, ambako hutolewa karajinani, kitu cha kugandisha kinachotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi na dawa. Kampuni za kununua zilipokuja na kamba zao, wanaume wengi walijaribu, wakapiga hesabu ya pato, wakarudi kwenye uvuvi. Wanawake walibaki. Inakadiriwa kuwa wakulima wa mwani Zanzibar wamezidi 20,000, na karibu asilimia 80 yao ni wanawake.

Kazi yenyewe inaanzia nyumbani. Mwanamke hukaa barazani na fungu la kamba na rundo la taitai, vile vikamba vyembamba, akizifunga moja baada ya nyingine kwa nafasi sawa. Bamvua linapofika, mara mbili kwa mwezi, maji hutoka asubuhi kuelekea adhuhuri, na hapo pwani nzima huwa ya wanawake. Wameshika vigingi, mawe ya kupigilia na viroba. Kamba hukazwa kati ya vigingi viwili, kila taitai ikabana kipande cha mbegu kinachotosha kiganjani, na mlolongo huo ukaendelea mpaka kiwanja chote kijae mistari. Baada ya wiki sita hivi mwani huwa umenenepa na kufunika kamba. Huvunwa ukiwa umejaa maji, na kiroba kimoja kinaweza kumshinda mtu mzima kukinyanyua. Kisha huanikwa. Mvua ikinyesha juu yake au mchanga ukaingia, bei hushuka, kwa hiyo siku za kuanika mama hulala sikio moja likiwa nje. Mikono huchubuka kwa chumvi, mgongo huuma kwa kuinama, na macho huwasha kwa mng'ao wa jua juu ya maji.

Fedha za mwanzo zilifanya mambo ambayo vijiji bado vinayakumbuka. Wanawake walinunua sare za skuli, vitanda, masufuria na mabati. Wapo waliojenga nyumba kwa jina lao. Baadhi ya waume walilalamika kwamba wake zao wanashinda baharini na hawashikiki, na malalamiko hayo yalipungua kila mwani ulipolipa deni la dukani. Mtu aliyezoea kuomba fedha ya mafuta ya taa alikuwa sasa na chake, na mazungumzo ndani ya nyumba yakabadilika.

Hata hivyo bei hawakuipanga wao. Kampuni iliyotoa kamba na taitai ilitarajia kuuziwa mavuno, na mkulima aliyechukua vifaa hakuwa huru kumtafuta mnunuzi mwingine. Halafu bahari yenyewe ikabadilika. Kottoni, ambayo bei yake ni takriban mara mbili ya spinosamu, ilianza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maji ya kina kifupi yalipata joto zaidi, mwani ukageuka mweupe na kukatika, majani mengine yakauparamia. Vijiji vingi vikabakiwa na spinosamu ya bei ndogo. Mwanamke aliyetumia ujuzi wake wote wa bamvua alijikuta anafanya kazi ileile, kwenye kiwanja kilekile, kwa pato lililopungua.

Kilichofuata ndicho kinachofanya habari ya mwani iwe kubwa kuliko zao lenyewe. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wanunuzi na serikali, ukisukumwa na Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wazo lilikuwa wanawake waache kuuza kilo za mwani mkavu peke yake na waanze kuuza kitu kilichotengenezwa. Huko Kidoti, kaskazini ya Unguja, kikundi cha Tusife Moyo kilijifunza kuusaga mwani uwe unga na kupika sabuni zenye harufu ya karafuu na mdalasini. Kipande kimoja cha sabuni kikiuzwa kwa mgeni Mji Mkongwe huweza kuleta fedha kuliko kilo nzima ya mwani mkavu ilivyoleta kwa kampuni. Ila sabuni ina madai yake: karatasi za viwango, kifungashio, usafiri, na duka litakalokubali kuiweka. Mpanda mwani amelazimika kujifunza uhasibu.

Jambiani wengine waliingia kwenye spongi. Shirika la Marine Cultures lilianza majaribio ya kuzifuga mwishoni mwa miaka ya 2000, na likawafundisha wanawake, wengi wao wakilea watoto peke yao. Spongi hukatwa vipande, vikatungwa kwenye kamba zinazoelea, na kusafishwa mara kwa mara ili majani yasizizibe. Huchukua mwaka au zaidi kufikia ukubwa wa kuuzwa, na kipande kingine kikabaki kuwa mbegu. Idadi ya wakulima wake ni ndogo mno ikilinganishwa na mwani, na kungoja mwaka mzima si jambo rahisi kwa mwenye chungu cha leo. Lakini spongi inastahimili joto kuliko kottoni.

Wakati wanawake wakihangaika na bahari inayopata joto, nyuma yao ufukweni hoteli zilikuwa zinapanda. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000; mwaka 2024 walizidi 736,000. Paje ikawa mji wa mchezo wa kuteleza majini kwa tiara, na kamba za tiara hizo hupita juu ya viwanja vya mwani. Mgeni anaona vigingi kama kero ya kuogelea, naye mkulima anaona kiwanja chake kimekatizwa. Vijana wa vijiji hivyo, watoto waliosomeshwa kwa fedha za mwani, wameenda kufanya kazi upande wa pili wa mzozo huo, mapokezi, jikoni, kwenye boti, kwenye usafi wa vyumba.

Kiwengwa, ambako hoteli za Kiitaliano zilitangulia tangu miaka ya 1990, kijana aliyeishia darasa la kati anaweza kukaa na mgeni saa nzima kwa Kiitaliano fasaha alichokiokota mchangani. Papasi wa Mji Mkongwe, kijana anayewafuata wageni mitaani kuwauzia safari, hubadilisha lugha tatu kabla hujafika mwisho wa kichochoro. Ajabu ni kwamba ujuzi huu wa lugha hauhesabiki panapoajiriwa watu, kwa sababu hauna cheti. Nafasi za usimamizi huenda kwa waliosomea, wengi wakitoka Bara au Kenya, na mwenye lugha anabaki kuuza kanga na safari za viungo juani. Kumpa mtu huyo mtihani wa kumpima anachokijua, kisha karatasi ya kukithibitisha, ni gharama ndogo kwa nchi inayotegemea wageni kiasi hiki.

Machi 2020 ndege za watalii zilisimama. Mwaka huo wageni walishuka hadi takriban 260,000. Wahudumu na waongoza watalii walirudi kwa wazazi wao, na kila kijiji kikawa na mabwana wa tai wanaovuta nyavu. Aliyekuwa na ndugu mwenye ngalawa, au mama mwenye kiwanja cha mwani, alikuwa na pa kushika. Kijana aliyekulia mjini hakuwa na shamba wala kamba, na kwake miezi ile ilikuwa mirefu. Hapo watu wengi waliiona thamani ya ile desturi ya kutoacha kabisa kazi ya zamani.

Mjini nako upo ujuzi uliokaribia kupotea kwa kukosa mnunuzi. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti. Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu ndani, mpaka boriti zikaoza bila kuonekana. Mji uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, lakini miongo mingi fundi aliyejua kuchoma na kuizamisha chokaa alikuwa akishindwa bei na mfuko wa saruji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Tangu hapo fundi chokaa anatafutwa. Vijana wanaojifunza kwake wanahitaji miaka ya kushika mwiko, na majengo hayawezi kuwasubiri sana.

Tukirudi baharini, kwa wapanda mwani njia iliyobaki wazi kwa kottoni ni kuipeleka kwenye maji ya kina, yenye ubaridi zaidi. Dkt. Msuya na wakulima wamejaribu nyavu za mrija zinazoshikilia mbegu huko. Mwani unaota. Kinachozuia ni kwamba kina kirefu kinataka chombo, na vyombo ni vya wanaume. Kinataka pia mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi waliofanya kazi baharini miaka thelathini hawakufundishwa. Nungwi, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana na wanawake kuogelea, wakiwa katika mavazi yanayowasitiri, na baadhi ya waliojifunza wamekuwa walimu wa wenzao. Mwalimu wa kuogelea ni kazi ambayo mama zao hawakuwa nayo. Vikundi vya mwani vinavyopanga kuhamia kwenye kina vinahitaji walimu hao wafike pia Paje na Jambiani, na vinahitaji mkopo wa boti ulioandikwa kwa jina la kikundi.